Ukungu wa Inuvik na mzee wa rada

Tikiti ya kwenda na kurudi kutoka Edmonton hadi Inuvik ilinigharimu zaidi ya ile niliyokata mwaka juzi kwenda Mombasa kumwona mama. Naanza na hilo kwa sababu bado linaniuma. Mombasa ni bara jingine, na njiani unalishwa mpaka unakataa. Inuvik imo Kanada hii hii ninayolipa kodi, na nilichopata ni kahawa na biskuti.

Nilikuwa nakwenda kumtembelea mtoto wa ami yangu, ambaye kwa sababu anazozijua mwenyewe aliiacha Mvita akaenda kuendesha teksi kilomita 200 kaskazini ya mstari wa Aktiki. Ulikuwa mwezi wa Februari. Ya Yellowknife sina la kusimulia, nilibadilisha ndege tu.

Tulipofika juu ya Inuvik hatukuuona mji. Baridi ikizidi sana, mvuke wa mabomba ya moshi na wa magari huganda hewani ukawa ukungu wa barafu, nao hauna haraka ya kuondoka. Rubani akazunguka, akashuka, akapanda tena ghafla hadi tumbo langu likabaki chini. Akajaribu tena. Kisha akatangaza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya bidhaa, kwamba tunarudi Norman Wells. Kutoka Inuvik hadi hapo ni kilomita kama 440. Huo ndio uwanja wa jirani! Ni kama basi la Mombasa likose kuingia Nairobi, dereva aseme basi tulale Mombasa.

Norman Wells ni mji mdogo wa visima vya mafuta kando ya Mto Mackenzie. Tulishushwa kwenye chumba cha abiria chenye viti vichache na mashine ya soda iliyomeza sarafu zangu bila kutoa kitu. Hakuna aliyetuambia tutaondoka saa ngapi. Hapo ndipo mzee niliyekaa naye ndani ya ndege, aliyekuwa kimya njia nzima, alipoanza kuzungumza, na wallahi hakunyamaza hadi usiku.

Alikuwa fundi mstaafu wa rada katika jeshi la anga. Nilimchokoza mwenyewe, maana nilikuwa nimesoma kwamba Kanada, katika sera yake ya ulinzi ya Aprili 2024, iliahidi kununua ndege za rada za kutahadharisha mapema kwa ajili ya kaskazini. Nikamuuliza: hivi, si kuna rada chini tayari?

Zipo, akasema. Ule mstari wa kwanza wa rada, kutoka Alaska kupita Kanada nzima, ulimalizika 1957. Wa sasa ulichukua nafasi yake mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, na una vituo 47 upande wa Kanada. Ule wa kwanza uliwekwa kuziona ndege kubwa za mabomu zikija kwa juu. Tatizo ni kombora linaloruka chini.

Akavua kofia yake ya manyoya akaiweka gotini. Hii ndiyo dunia, akasema, na akasimamisha kijiti cha kukorogea kahawa juu yake. Rada iliyo kwenye mnara wa mita 20 haiwezi kuliona kombora linaloruka mita 100 juu ya barafu mpaka likaribie kilomita 60 hivi. Dunia yenyewe inaziba. Ukiipandisha rada ile kwa ndege mita 9,000, kombora lile lile linaonekana likiwa kilomita 400 na ushei. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, chini una dakika nne na nusu, juu una nusu saa. Nusu saa inatosha kuamsha marubani na kurusha ndege za kivita. Kwa sasa Kanada haina ndege yake ya namna hiyo. Inategemea zile E-3 za Marekani, zenye sahani kubwa mgongoni, zilizojengwa juu ya umbo la Boeing 707 na kuanza kazi 1977. Nyingine zimezeeka kuliko mimi.

Basi wanunue ipi? Nikazitaja nilizozisikia: E-7 ya Boeing, GlobalEye ya Saab ya Uswidi, na Aeris X ya L3Harris, kampuni ya Marekani. Nilitarajia anipe hesabu za rada. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Rada zote nzuri," akasema. "Niulize itatua wapi."

Akaonyesha dirishani, kwenye ndege yetu iliyokuwa ikifunikwa na theluji. Sisi leo tulikosa uwanja mmoja, na tuliobaki nao ni huu. Ndege ya rada itazunguka kwa muda wa saa nane au kumi juu ya Bahari ya Aktiki, halafu hali ya hewa ifunge. Viwanja vingi vya kaskazini ni vya kokoto. Boeing 737-200 za zamani zilifungwa vifaa vya kuzuia kokoto zisiingie kwenye injini, na mpaka leo chache bado zinaruka huku. Lakini E-7 imetokana na 737 ya kizazi cha baadaye, ambayo injini zake ni pana na zinaning'inia karibu na ardhi. Kokoto moja, umeua injini. GlobalEye na Aeris X zimejengwa juu ya Global 6500 ya Bombardier, ndege ya matajiri inayounganishwa pale Toronto. Injini zake ziko nyuma, juu, ila nayo haikuundwa kwa kokoto.

Upande mwingine, E-7 inaweza kujazwa mafuta angani na ina nafasi ya wataalamu wengi zaidi. GlobalEye haijazwi angani, lakini Saab inasema inakaa hewani zaidi ya saa 11. Mzee alikuwa na wasiwasi na E-7 kwa sababu Pentagon yenyewe, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilitaka kuifuta katika bajeti ya mwaka wa fedha 2026, na ukibaki na ndege ambayo nchi iliyoiunda imeichoka, vipuri vitakutoa jasho.

Nikamwambia GlobalEye tano ziko Falme za Kiarabu, ambako dada yangu anafanya kazi, na huko jua linachemsha lami. Akacheka. Baridi, akasema, haisumbui injini sana. Inasumbua mafuta ya kulainishia, mipira ya magurudumu, na fundi anayefungua skrubu bila glavu.

Inuvik tuliingia kesho yake mchana. Siku zilizofuata zilipita kwa chai ya tangawizi na hadithi za Mvita. Kuna msikiti mdogo huko, uliojengwa Manitoba ukaletwa mwaka 2010 kwa lori na tishari. Mtoto wa ami alinipeleka Tuktoyaktuk kwa barabara iliyofunguliwa 2017, nikaliona kuba jeupe la rada likiwa peke yake kwenye upepo. Jambo lililonishangaza zaidi ni madishi ya televisheni. Nyumbani dishi linatazama karibu utosini. Huku yameinamishwa kama yanatafuta kitu kilichoanguka, maana satelaiti za ikweta ziko chini, karibu na upeo wa macho. Ukisogea kaskazini zaidi zinazama kabisa. Nikaelewa kwa nini ndege ile ya rada, mbali na satelaiti hizo, inahitaji pia njia nyingine ya kuzungumza na waliobaki chini.

Uwanja wa Inuvik unarefushwa, kutoka mita 1,829 hadi 2,743, juu ya ardhi iliyoganda ambayo ikipata joto hulegea. Mimi ningechukua ile ya Bombardier, na pesa itakayobaki ningeimwaga yote kwenye lami. Nilimweleza mtoto wa ami hivyo tukiwa njiani, nikijiona mtaalamu.

"Na mafuta ya hiyo ndege?" akaniuliza. Mengi ya yanayofika Inuvik kwa gari yanapitia barabara ya Dempster, na mito inapoganda au kuyeyuka, vivuko vyake hufungwa kwa majuma. Hilo mzee wa Norman Wells hakunigusia, nami sikuwa na jibu.