Nilivyofanikiwa kupiga magitaa mawili ya Boston peke yangu

Don't Look Back, albamu ya pili ya Boston, bendi ya roki ya Marekani, ilitoka Agosti 1978 na kushika namba moja Marekani. Hata hivyo wengi huiweka chini ya ile ya kwanza ya 1976. Mimi naipenda kuliko zote, na nilitamani kuzipiga zile sehemu ambazo magitaa mawili yanapanda pamoja kama waimbaji wa kwaya.

Ugumu wake si kasi. Tom Scholz, mpiga gitaa na kiongozi wa Boston, alikuwa mhandisi, mhitimu wa chuo cha teknolojia cha MIT aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya kamera ya Polaroid, na alirekodi nyumbani kwake, gitaa moja juu ya jingine, kwa subira ya ajabu. Ukitaka kuyashika yote kwa mkupuo mmoja, utasikia ukuta tu. Kwa hiyo nilisikiliza kwa sikio moja, kulia kisha kushoto, nikapunguza kasi kwa programu ya simu, na kila mstari nikauimba kwa mdomo kabla ya kugusa waya. Hili la kuimba ndilo lililonisaidia zaidi. Vidole hujifunza upesi kitu ambacho koo limeshakijua.

Gitaa la pili mara nyingi hukaa sauti ya tatu juu ya la kwanza, yaani noti ya tatu ukihesabu kuanzia ile ya gitaa la kwanza, lakini umbali huo haulingani kila mahali. Katika skeli ya D meja, yaani ngazi ya noti inayoanzia D, kutoka D hadi F# ni freti nne (freti ni vile vigawanyo vya shingo ya gitaa); kutoka E hadi G ni tatu tu. Ukiuhamisha mstari mzima freti nne, sauti zitagombana. Niliandika skeli kwenye karatasi, nikaipa kila noti mwenzake, kisha nikakariri. Aliyezoea solo na second solo za muziki wa dansi ataelewa haraka, maana huko nako magitaa hutembea kwa kuachiana nafasi hivyo hivyo.

Kazi kubwa ilikuwa kuvuta waya kwa kidole ili sauti ipande. Gitaa la kwanza likitoka D kwenda E, unavuta toni nzima, sawa na freti mbili; la pili, likitoka F# kwenda G, linavuta nusu toni tu. Yote mawili lazima yafike kwa wakati mmoja. Nilirekodi la kwanza pamoja na metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, nikalirudia mpaka likatulia kabisa, ndipo nikaongeza la pili. La kwanza likiyumba, la pili halina pa kushika.

Scholz alilalamika kwamba kampuni ya rekodi ilimharakisha, na albamu iliyofuata, Third Stage, ikatoka 1986. Nimeingia ndani ya nyimbo hizi noti kwa noti, na uharaka huo siusikii. Sikiliza A Man I'll Never Be: zaidi ya dakika sita, mwimbaji Brad Delp anaanza kwa upole, na magitaa yanangoja zamu yao. Wimbo huo ndio ninaoufanyia kazi sasa. Gitaa la kwanza limeshakamilika.