Kumfundisha Rubani Kubeba Mzigo Unaoning'inia: Jinsi Ninavyofanya

Rubani anayekuja kujifunza kubeba mizigo ya nje huwa tayari anajua kurusha helikopta. Ana saa 1,000 za kuruka, wengine 2,000. Ujuzi huohuo ndio unaomtatiza siku za mwanzo, maana amezoea kutazama mbele kwenye upeo wa macho na kuiongoza ndege. Kwenye kazi hii kinachoongozwa ni mzigo ulio mita 30 chini ya nyayo zake. Helikopta imekuwa mkono tu ulioshika kamba. Kozi yote nimeijenga juu ya badiliko hilo moja, na juu ya kidole gumba cha mkono wa kulia.

Tunafundishia helikopta ya AS350 B3 huku nyanda za juu za Kenya, upande wa Laikipia, uwanja ukiwa futi 6,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto likifika nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba injini na mapanga hufanya kazi kana kwamba tuko futi 9,200. Kwa hiyo tunaruka kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nne tunafunga, na kabla ya kuruka kila mtu anapiga hesabu yake kwa kalamu.

Hesabu inaanzia kwenye jedwali la kuelea juu, mahali ambapo ardhi haikusaidii kwa mto wa hewa. Tuseme jedwali linatoa kilo 2,500 kwa joto la asubuhi hiyo. Nakata asilimia 10, inabaki 2,250. Ndege tupu na vifaa vyake ni kilo 1,340, watu wawili 170, mafuta 220, kamba na kulabu yake 40: jumla 1,770. Mzigo basi usizidi kilo 480. Wengi huuliza kwa nini nawabana hivyo ilhali kulabu ya tumboni imeandikwa kilo 1,400. Kibandiko cha kulabu kinaeleza chuma kitahimili nini. Hakijui chochote kuhusu nguvu ya rota, yaani mapanga yanayozunguka, siku hiyo. Na akiba ile haikai bure. Kuusimamisha mzigo unaoshuka kunakula nguvu zaidi ya kuubeba tu, na upepo ukigeuka ukaja kwa nyuma, nguvu inayohitajika inapanda ghafla. Kadiri mafuta yanavyoungua unapata nafuu, takriban kilo 50 kwa dakika 20, ila nafuu hiyo siihesabu mapema.

Sasa kidole gumba. Siku ya kwanza haturuki. Mwanafunzi anakaa kwenye kiti, umeme wa ndege umewashwa, fundi yuko chini, na tunaachia mizigo ya mkononi mara 30 au 40. Kuna swichi inayowezesha mfumo, kitufe cha umeme kwenye saikliki (usukani wa mkono wa kulia), na kishikio cha kimakanika kwenye kolektivu (wenzo wa mkono wa kushoto wa kupanda na kushuka) endapo umeme utakataa. Kamba ndefu inaongeza kulabu ya pili kule chini, nayo ina kitufe chake. Hapo ndipo pana mtego: ukibonyeza kitufe cha kulabu ya tumboni wakati ulitaka ya chini, umeuangusha mzigo pamoja na kamba yote. Namtaka aseme kwa sauti kabla ya kubonyeza: "Chini," au "Tumbo." Halafu nampa hali za ghafla, macho yake yakiwa nje ya dirisha: injini imezimika, mzigo umenasa, kamba inapanda kuelekea mkia. Kidole kikisita hata sekunde moja, tunarudia. Rubani asiye tayari kuutupa mzigo wa mteja uliogharimu fedha nyingi hafai kuuinua. Na kwa kuwa mzigo unaweza kutupwa wakati wowote, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, njia yetu haipiti juu ya nyumba, barabara wala ng'ombe.

Kila asubuhi kulabu zote zinajaribiwa kwa umeme, kwa kishikio, na kwa mkono pale chini. Tunaangalia pia vitu viwili ambavyo marubani wengi wapya huvipuuza. Cha kwanza ni pete inayoingia kwenye kulabu. Ikiwa kubwa au nyembamba kuliko ilivyoelekezwa na mtengenezaji wa kulabu, kamba ikilegea kidogo pete inaweza kupinduka, ikalalia kile kilimi cha kuzuia na kukifungua yenyewe. Mzigo unaondoka bila mtu kubonyeza chochote. Ikiwa nene mno inakwama, na siku unayotaka kuachia haitoki. Cha pili ni waya wa umeme unaoshuka na kamba hadi kulabu ya chini. Juu kabisa lazima uwe na ulegevu na plagi inayochomoka kwa kuvutwa. Bila hivyo, ukiitupa kamba itabaki ikining'inia kwa waya, nawe utakuwa na tatizo baya kuliko la mwanzo.

Upande wa slingi, zile kamba zinazofungwa kwenye mzigo wenyewe, nafundisha pembe kabla ya mafundo. Chukua mzigo wa kilo 400 unaoshikwa na miguu miwili ya slingi. Miguu ikisimama kwa nyuzi 60 kutoka mlalo, kila mmoja unabeba kilo 231. Kwa nyuzi 45 unabeba 283. Kwa nyuzi 30 kila mguu unabeba 400, yaani mzigo mzima, na bado hatujahesabu mishtuko ya hewani. Tunafunga kwa nyuzi 60 au zaidi, chini ya 45 kamwe. Shakeli (pete za chuma za kuungia) ziwe za boliti yenye nati na pini ya kufungia, kwa sababu ile ya kuzungusha tu hufunguka polepole kwa mtetemo. Slingi iliyopoteza lebo yake au iliyokatika nyuzi pembeni inakatwa vipande papo hapo ili mtu asije kuiokota kesho.

Mzigo wa mafunzo ni pipa la lita 200 lililojazwa zege kiasi cha kufikia kilo 250. Maji nusu pipa sitaki, yanachezacheza na kumchanganya mwanafunzi asijue kama kosa ni lake. Zege likae katikati, na juu yake kuwe na swiveli, kiungo kinachozunguka, ili pipa likizunguka lisiisokote kamba.

Kuhusu urefu wa kamba nimefika mahali ambapo walimu wengine hawakubaliani nami. Kanuni za Ulaya zinaweka kamba isiyozidi mita 20 kuwa ngazi ya kwanza, HESLO 1 (HESLO ni kifupi cha Kiingereza cha kazi za helikopta kubeba mizigo inayoning'inia), na iliyozidi hapo HESLO 2. Baadaye zinafuata HESLO 3 ya kazi maalumu kama kubeba magogo, na HESLO 4 ya kusimamisha minara na kuvuta nyaya za umeme. Mpangilio huo una mantiki kwa kazi. Lakini somo la kutuliza bembea mimi nalianzia mita 30, na sababu ni hesabu ya timazi. Muda wa kwenda na kurudi unategemea urefu wa kamba, si uzito wa mzigo. Kwa mita 6 bembea moja kamili ni kama sekunde 5. Kwa mita 15 ni karibu 8. Kwa mita 30 ni 11. Kwa mita 45 ni zaidi ya 13. Mgeni aliyepewa sekunde 5 hana muda wa kuona, kufikiri na kutenda, na mzigo wenyewe umejificha chini ya tumbo. Kwa sekunde 11 anauona wazi na anaweza kuungoja.

Kungoja ndiko kazi yenyewe. Kosa la kila mwanafunzi ni kuufukuza mzigo: unapoenda kushoto naye anakwenda kushoto, anafika wakati unarudi, anaurudisha kwa nguvu zaidi. Baada ya bembea tatu ndege nzima inayumba. Ninachomwambia ni: shika ndege pale ilipo, hesabu. Mzigo ukifika mwisho wa bembea, pale unaposimama kabla ya kurudi, sogeza ndege kidogo juu yake, kisha simama. Mara moja tu. Kama bado unabembea, ngoja unaofuata. Zoezi ninalolipenda ni mimi kuanzisha bembea ya makusudi ya mita 3, halafu nampa ndege autulize kwa marekebisho matatu. Wengi wanaweza baada ya saa 4 au 5 za kuruka. Wengine huchukua 8, wala si dalili kwamba hawafai.

Mkao una uzito wake. Kichwa kiko nje kwenye dirisha lililobenuka, mkono wa saikliki umelala juu ya paja, mabega yamelegezwa. Akiwa amechungulia hivyo haoni saa ya torki (kipimo cha nguvu inayopelekwa kwenye rota), kwa hiyo saa chache za mwanzo mimi ndiye namsomea: "Sabini. Sabini na tano. Themanini." Baadaye anaisoma mwenyewe kwenye kipimo kilichowekwa upande wa dirisha. Shingo na mgongo huchoka haraka, na mtu aliyechoka anaanza kuufukuza mzigo tena. Dakika 35, tunatua.

Kuinua kunakwenda hivi. Ndege inakuja juu ya pipa, kamba inashuka, mtu wa chini anaacha kulabu iguse ardhi kwanza au anaigusisha fimbo iliyounganishwa na ardhi, kwa sababu mapanga yanalimbikiza umeme tuli unaoweza kumtupa mtu chini. Anafunga, anaondoka kwenda mahali anapoonekana, anatoa ishara. Rubani anapanda wima mpaka kamba ikaze, halafu anasimama. Kituo hiki kifupi hakirukwi. Kama kamba haiko wima kabisa juu ya kitovu cha pipa, pipa litaburuzwa, na likiachana na ardhi tayari linabembea. Likiwa mita 1 juu, anashika kwa sekunde 5, anasoma torki, analinganisha na hesabu ya asubuhi. Torki ikizidi alichokitarajia, analirudisha chini, tunatafuta sababu. Kisha anapanda hadi pipa, si ndege, livuke vizuizi vyote, ndipo aende mbele.

Mwendo unaongozwa na umbo la mzigo. AS350 B3 yenye mzigo nje ina kikomo cha nodi 80 (nodi ni maili ya baharini kwa saa), lakini kikomo halisi ni pale mzigo unapoanza kuchachamaa. Pipa la zege linatulia kwenye nodi 70. Tangi tupu la plastiki, mabati, mbao pana au wavu mtupu vinaweza kuruka vyenyewe kwenye nodi 40, na kitu chepesi kinachopanda kinaelekea kwenye rota ya mkia. Ndiyo maana wavu mtupu haurudishwi ukining'inia; unakunjwa na kufungwa ndani. Kamba ya nyuzi bandia ni nyepesi, kwa hiyo haturuki nayo bila uzito kwenye ncha yake. Mzigo ukianza vurugu, punguza mwendo taratibu. Breki ya ghafla inaurusha mbele.

Kuweka chini kunahitaji upepo puani na subira. Nataka mteremko usiozidi futi 300 kwa dakika mara mwendo unaposhuka chini ya nodi 30, la sivyo helikopta inaweza kuzama ndani ya upepo wake yenyewe, na kuongeza nguvu kunazidisha kuzama. Mtu wa chini anahesabu kwa redio: kumi, tano, tatu, mbili, moja, chini. Shabaha ya kwanza ni duara la mita 3, ya mwisho ni tundu la tairi la lori. Nasaini karatasi ya mwanafunzi akiweka pipa kwenye tairi mara 8 kati ya 10 bila kuligonga ardhini, na akiwa ametupa mzigo wa mazoezi bila kusita nilipoita.

Jambo moja nalisema wazi kwa kila darasa: kuelea mita 30 au 45 kwa injini moja ni kukaa mahali ambapo injini ikizima hakuna nafasi nzuri ya kutua. Hatulifichi. Tunachofanya ni kupunguza muda wa kukaa hapo, kuchagua uwanja wazi, na kuhakikisha hakuna mtu chini ya ndege wala chini ya mzigo zaidi ya yule anayefunga. Abiria hawapandi. Mtu kuning'inia kwenye kamba ni kozi nyingine yenye vifaa vingine, na haichanganywi na hii.

Kikosi cha chini nakifundisha pamoja na marubani, siku zilezile. Kofia yenye mkanda wa kidevu, miwani, glavu, nguo zilizobana. Wawe wawili, na kila mmoja ajue njia yake ya kutoka kabla ndege haijafika. Kamba ya kuongozea mzigo haizungushwi mkononi.

Kutua na kamba kunafundishwa mwisho ingawa kunaonekana rahisi. Kulabu ya chini inagusa ardhi kwanza, mbele na pembeni mwa mahali pa kutua. Ndege inashuka huku ikirudi nyuma kidogo, kamba ikilala mbele ya pua ambapo rubani anaiona yote. Ikipita chini au juu ya skidi (mguu wa chuma ambao ndege hutulia), haturuki tena mpaka mtu atoke aitoe kwa mkono, kwa sababu skidi iliyonaswa wakati wa kupanda inaipindua helikopta kabla rubani hajajua kinachomvuta. Rubani akiona kamba yote, anataja kitufe kwa sauti, "Tumbo," anaachia, na fundi anakuja kutoka mbele kuikunja.