Duka la Pikipiki Hupimwa Baada ya Malipo

Mtu anayenunua pikipiki hapa Tanga kwa kawaida hanunui chombo cha matembezi. Ananunua ajira ya kijana wa nyumbani kwake, na mara nyingi fedha anayoipeleka dukani imetoka katika kikoba, mkopo au mavuno ya machungwa ya msimu mzima kule Muheza. Kwa sababu hiyo naamini kwamba duka la pikipiki linapaswa kupimwa kwa namna linavyomhudumia mteja baada ya fedha yake kupokelewa, kwa kuwa kabla ya hapo karibu kila muuzaji ana maneno matamu.

Imani hiyo imeniingia zaidi tangu nilipomsindikiza mtoto wa kaka yangu kununua pikipiki ya bodaboda katika duka moja la Ngamiani. Tulikuwa tumepita kwanza duka jingine, ambako kijana wa mauzo alitutajia bei huku macho yake yako kwenye simu, na nilipouliza kama bei hiyo imejumuisha usajili na bima, alijibu kwamba hayo tungeyazungumza baadaye. Tukaondoka. Katika duka la pili muuzaji alitoa shikamoo, akatuvutia viti, na kabla ya kutuonyesha pikipiki yoyote akauliza itafanya kazi gani. Kijana wangu akamweleza kwamba alfajiri atabeba ndoo za samaki kutoka Sahare, mchana atapakia abiria wa mjini, na mara chache atafika Muheza. Sisi tulikuwa tumeshaikodolea macho pikipiki yenye injini ya cc 150.

"Mama, hiyo ni nzuri," muuzaji akaniambia, "lakini kwa kazi aliyoitaja, ya 125 inamtosha, na mafuta atakayookoa ni hesabu yake ya kila siku."

Alikuwa anajipunguzia mauzo, na alifanya hivyo bila kuombwa. Kuanzia hapo alizungumza nasi wote wawili: mimi niliyelipa alinieleza karatasi, na yule atakayeiendesha alimweleza injini, jambo ambalo wauzaji wengi hulisahau kwa kuwa humwona mwenye fedha peke yake. Bei aliiandika kwa mchanganuo, yaani pikipiki yenyewe, usajili, bima na kofia ngumu mbili, maana sheria inawataka dereva na abiria wote wavae. Namba ya chesisi na ya injini alizisoma kutoka kwenye chuma huku mimi nikizifuatisha kwenye karatasi, akasema kwamba tarakimu moja ikikosewa kwenye kadi, mwenye pikipiki ndiye atakayehangaika TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, aliitoa kabla sijaidai.

Hatukuondoka na pikipiki siku ileile, na hilo nalihesabu kuwa sehemu ya huduma nzuri. Pikipiki nyingi hufika madukani zikiwa ndani ya makreti, gurudumu la mbele na usukani vikiwa vimefunguliwa, na fundi wa duka ndiye anayezikamilisha. Betri nyingi za aina ya maji huja zikiwa kavu, zikatiwa asidi hapohapo dukani, na zinatakiwa zitulie kisha zichajiwe taratibu kabla ya kufungwa. Duka lenye haraka humimina asidi, likafunga betri na kumpa mteja ufunguo. Mteja huondoka akishangilia, na baada ya miezi michache taa zinafifia naye anailaumu kampuni iliyotengeneza pikipiki. Fundi wa duka hili alituonyesha betri yetu ikiwa kwenye chaja. Alitueleza pia kwamba atapitia spoku, breki, upepo wa matairi na kila nati, na kwamba pikipiki haitatoka kabla ya kibao cha namba kufika, kwa sababu hataki kijana akamatwe barabarani kwa kosa lisilo lake.

Siku ya makabidhiano muuzaji alitumia muda mrefu kwenye mambo ambayo madereva wetu hufundishana nusunusu vijiweni. Injini mpya isikamuliwe wala kubebeshwa mzigo mzito mwanzoni, kwa kuwa vyuma vyake bado vinazoeana, na oili ya kwanza inamwagwa mapema kuliko zinazofuata kwa sababu inabeba vumbi la chuma linalotokana na kusuguana huko. Kuhusu oili alisisitiza sana. Klachi za pikipiki nyingi za aina hii huoga ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi iteleze. Alimwonyesha kijana maandishi ya JASO MA kwenye chupa, alama ya oili inayofaa klachi za namna hiyo, akamtaka asikubali isiyo nayo hata kama ni ya bei nafuu.

Kisha akagusia jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani. Maji ya samaki yanayodondoka kutoka kwenye ndoo ni chumvi tupu, na hula cheni, spoku na rimu. Akamwagiza kuiosha pikipiki kwa maji yasiyo na chumvi kila amalizapo kazi ya Sahare, aikaushe, kisha aitie cheni oili. Ushauri huu hautamletea muuzaji shilingi, bali utamchelewesha mteja kurudi kununua cheni na sproketi.

Kwenye gereji yao bei za sevisi zimebandikwa ukutani, na kifaa kinapobadilishwa, kile cha zamani hukabidhiwa mwenyewe. Natamani kila gereji ya mji huu ifanye hivyo, kwa kuwa mashaka makubwa ya mteja ni kutozwa fedha ya spea ambayo haikufungwa, au kufungiwa feki kwa bei ya orijino, na njia ya kuyaondoa ni kumwonyesha anachokilipia.

Ninalo ombi moja kwa wenye duka hilo, nami nimeshawaambia. Mwenye bodaboda anayekaa gereji kutwa anapoteza kipato cha siku hiyo, na pengine bado anadaiwa hesabu, yaani fedha ya kila siku, na tajiri wake mwenye pikipiki. Wakiweka fundi mmoja wa jioni, kwa kazi ndogo za kumwaga oili, kukaza cheni na kurekebisha breki, madereva wengi wanaoahirisha sevisi kwa kuogopa kupoteza siku watapata nafasi ya kuifanya. Wamenijibu kwamba watalitazama, na kijana wangu amekubali kuwaulizia wenzake wa kijiweni ni saa ngapi ingewafaa.