Kadi ya Kliniki ya Mama Mdogo

Mama yangu mdogo anaishi Kadutu, hapa Bukavu, katika nyumba inayofikiwa kwa ngazi za udongo ambazo mvua huzibomoa kila msimu. Mwaka jana alianza kupumzika mara tatu kabla ya kufika mlangoni, yeye ambaye zamani alipanda na beseni la samaki wadogo wa sambaza kichwani bila hata kutweta. Tulipomwuliza alisema ni uzee, kisha akasema ni tumbo, kwa sababu alisikia kichefuchefu na maumivu ya mgongo yaliyopanda hadi kwenye taya. Akanunua dawa ya vidonda vya tumbo mtaani, akainywa wiki tatu. Moyo hakuutaja hata mara moja.

Siuiti ujinga. Katika lugha yetu moyo una kazi nyingi mno: unakuwa mzito, unavunjika, unapigwa konde. Mwanamke akisema moyo unamuuma, jirani humwuliza ni nani aliyemkosea. Na ukiwauliza akina mama sokoni ni magonjwa gani yanayowaua wanawake, utasikia malaria, saratani ya matiti na uzazi wenyewe, ilhali duniani kote magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayotangulia, yakichukua karibu kifo kimoja katika kila vifo vitatu vya wanawake.

Maumivu ya kifua ndiyo dalili kuu ya shambulio la moyo hata kwa wanawake, na asiyapuuze mtu. Lakini kwao, zaidi kuliko kwa wanaume, huandamana na mambo ambayo mama mwenye watoto sita huyazoea: kukosa pumzi, kichefuchefu, uchovu usio na sababu, maumivu ya mgongo, shingo au taya. Wakati mwingine hayo huja bila kifua kuuma kabisa.

Katika kituo cha afya kipimo cha presha kilisoma 170/100. Muuguzi akamwuliza kama presha iliwahi kumpanda akiwa mjamzito, naye akakana. Dada yangu ndiye aliyekumbuka kadi ya kliniki. Tuliikuta katika bahasha ya vyeti vya ubatizo, pembe zake zimeliwa na unyevu, na kwa kalamu ya buluu ilikuwa imeandikwa 160/110, mwaka 2004, pamoja na alama mbili za kujumlisha mbele ya neno protini, yaani protini kwenye mkojo. Zilikuwa dalili za awali za kifafa cha mimba. Alijifungua salama, presha ikashuka, akaambiwa amepona, na kadi ikafungiwa.

Hapo ndipo ninapokasirika. Mwanamke aliyepitia hali hiyo ana hatari iliyo karibu mara mbili ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi baadaye, hata miaka mingi baada ya mtoto kukua, na hakuna aliyemweleza hivyo. Kisukari cha ujauzito huongeza hatari vilevile, na pia hedhi kukoma kabla ya miaka 40. Maswali hayo hayahitaji mashine wala fedha. Yanahitaji mtu wa kuyauliza. Tumezoea kuhesabu ujauzito kuwa jambo lililokwisha pale mtoto anapolia, ilhali kuna hata moyo unaochoka kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na mwezi wa tano baada ya kujifungua, ukivimbisha miguu na kumnyima mama pumzi akilala chali, nasi tukisema ni uchovu wa kunyonyesha.

Sasa anameza vidonge kila asubuhi. Chumvi amepunguza, kwa kuwa inashauriwa mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ingawa kumwachisha makayabo, yaani samaki wa chumvi, kulileta ugomvi ambao sitausimulia hapa.

Binti yake amejifungua mwaka huu. Siku tuliyokwenda kumwona, mama mdogo aliomba kadi ya kliniki kabla hajampokea mtoto, akaisogeza dirishani apate mwanga, akaanza kutafuta mstari wa presha kwa kidole.