Zege Lililokatwa: Asubuhi Moja Zeitz MOCAA

Mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya Zeitz MOCAA, jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa ya Afrika, kufunguliwa, kundi letu la wajenzi lilipita Cape Town. Asubuhi nzima iliishia kwenye ukumbi wa kati. Picha na sanamu zilingoja. Sisi tulikuwa tunakagua kingo za zege.

Jengo ni ghala la nafaka lililokamilika mwaka 1924, urefu mita 57, lenye mirija 42 ya zege iliyosongamana bega kwa bega. Ndani hapakuwa na ukumbi hata mmoja. Studio ya mbunifu Mwingereza Thomas Heatherwick ikaamua kuichonga. Punje ya mahindi iliyookotwa humo humo ilipimwa kwa kompyuta, umbo lake likakuzwa hadi kimo cha mita 27, kisha likatobolewa katikati ya mirija.

Kazi ngumu ndiyo hiyo. Ukuta wa zamani una unene wa milimita 170 tu, na nguvu yake inatokana na duara kamili. Ukiukata mshazari, unabaki na pipa lililokatwa pete. Kwa hiyo kwanza mirija ilimwagiwa ukuta mpya wa zege la nondo kwa ndani, mzito kuliko ule wa zamani, ndipo misumeno ikaingia. Mstari wa kukatia uliwekwa kwa misumari: maelfu ya vipimo vya kompyuta, kila kimoja kikapigiliwa mahali pake ukutani.

Ukisogelea ukingo unaona pete mbili. Ya nje ni zege la zamani, kokoto kubwa kubwa zisizolingana. Ya ndani ni jipya, laini. Mkato umeng'arishwa kama kioo, ila uso wa mrija umeachwa na ukwaruzo wake. Tulitafuta ufa kwenye maungio, maana zege la umri tofauti huwa halipatani. Hatukuuona.

Vyumba vya maonyesho, 80 kwa jumla, ni masanduku meupe yasiyo na la kumshangaza fundi. Lakini nani atundike picha kwenye ukuta wa duara?

Juu, midomo ya mirija imefunikwa vioo vinene ambavyo watu hutembea juu yake, vyenye alama za msanii El Loko wa Togo. Lifti nazo ni za duara, zimeundwa zifuate mirija. Aliyewahi kusubiri kipuri cha lifti ya kawaida Dar es Salaam atajiuliza hizi zikiharibika inakuwaje.