Julai ya Kumsubiri Kawhi

Mwezi Julai mwaka 2019 ulitukuta Toronto tukiwa mabingwa wenye wasiwasi. Tarehe 13 Juni Raptors, timu yetu ya mpira wa kikapu, walikuwa wamewashinda Golden State Warriors katika mchezo wa sita wa fainali na kuchukua ubingwa wa NBA, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, kwa mara ya kwanza tangu timu hiyo ianzishwe, na mchezaji aliyewafikisha huko, Kawhi Leonard, sasa alikuwa hana mkataba na mtu. Mkataba wake wa zamani ulimpa hiari ya kuongeza mwaka mmoja kwa dola milioni 21.3, naye akaikataa, kama kila mtu alivyotarajia, kwa sababu sokoni thamani yake ilikuwa imezidi hapo kwa mbali. Soko la wachezaji huru lilifunguliwa jioni ya tarehe 30 Juni. Nyota wengine, Kevin Durant na Kyrie Irving, walijulikana wanakokwenda siku hiyo hiyo. Kawhi alinyamaza.

Wakati huo nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni moja ya usafirishaji huko Scarborough, mashariki mwa Toronto, na ami yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Ami si mtu wa mpira wa kikapu. Ni mtu wa mikataba: kwa miaka mingi aliwasemea wafanyakazi wenzake wa bandarini mbele ya waajiri, na hata leo akisikia kijana wa ukoo amepata kazi, haulizi mshahara ni kiasi gani, bali huuliza mkataba ni wa muda gani na nani anaweza kuuvunja. Raptors aliwajua kwa sababu ya Masai Ujiri, rais wa timu wakati huo, Mnijeria, ambaye Julai ya mwaka uliotangulia alionekana kwenye televisheni za Kenya akiwa Kogelo pamoja na Barack Obama, wakifungua kituo cha Sauti Kuu na uwanja wa kikapu uliojengwa na Giants of Africa, taasisi ya Ujiri mwenyewe. Hiyo ilikuwa tarehe 16. Tarehe 18 Ujiri akamtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha Toronto, akampeleka timu ya San Antonio pamoja na Jakob Poeltl na haki ya kumchagua chipukizi mmoja wa raundi ya kwanza katika uchaguzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, akawachukua Kawhi na Danny Green. Kawhi alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu wa lazima, na Ujiri aliujua mwaka huo vizuri alipoununua.

Jumatano tarehe 3 Julai nilimpeleka ami kwa kinyozi wangu, Mkongomani wa Bukavu, ambaye ukutani mwa duka lake kulikuwa na televisheni isiyozimwa. Tulipoingia hakuna aliyekuwa ananyolewa. Kituo cha habari cha jiji kilikuwa kimerusha helikopta kufuata magari meusi yaliyotoka uwanja wa ndege wa Pearson, kwa kuwa ndege ya wamiliki wa timu ilikuwa imetua kutoka Los Angeles na watu waliamini Kawhi yumo. Magari yalipita barabara kuu, yakaingia mtaa wa Yorkville, yakasimama kwenye hoteli moja, na umati ukakusanyika nje. Mikahawa ya Toronto nayo ilikuwa imebandika vibandiko madirishani ikimwahidi Kawhi chakula cha bure akibaki. Ami alitazama yote hayo akiwa amesimama, kofia mkononi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hao wote ni wanunuzi. Nikamwambia hapana, ni mashabiki. Akasema mnunuzi asiyeweza kuwanyamazisha jamaa zake amekwisha kupoteza nusu ya turufu zake, akaketi.

Hapo ndipo ilinibidi nimweleze kanuni, na nakiri nilifurahi kupata mtu wa kumweleza. Katika NBA bei ya mchezaji wa daraja la Kawhi imefungwa. Makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji yanaweka kikomo cha mishahara ya timu, ambacho kwa msimu wa 2019–20 kilikuwa dola milioni 109.14, na mchezaji mwenye misimu 7 hadi 9 haruhusiwi kuanza na zaidi ya asilimia 30 ya kikomo hicho. Aliyetimiza misimu 10 anaruhusiwa asilimia 35. Kawhi alikuwa na misimu 8. Kwa hiyo Toronto, na Lakers na Clippers za Los Angeles, timu zote tatu zilizokuwa zikimbembeleza, zilikuwa tayari kumpa mshahara ule ule wa mwaka wa kwanza, kama dola milioni 32.7, na hakuna kati yao aliyeweza kuongeza hata senti.

“Sasa kama bei ni moja,” akasema ami, “wanapatana nini?”

Swali hilo lilikuwa limenipita, mimi na wote waliokuwa dukani, ingawa tulikuwa tumebishana wiki nzima. Jibu la wateja lilikuwa tayari: Toronto ina turufu ambayo wengine hawana, kwa sababu timu ambayo mchezaji anatoka inaruhusiwa kumpa miaka 5 yenye nyongeza ya asilimia 8 kila mwaka, na timu nyingine miaka 4 tu yenye nyongeza ya asilimia 5. Ami akataka kalamu. Kinyozi akampa penseli na karatasi ya matangazo ya duka la vyakula, na nyuma yake nikaandika safu mbili huku ami akizisimamia kwa kidole. Toronto: miaka 5, jumla karibu dola milioni 190. Wengine: miaka 4, karibu milioni 141. “Milioni 49!” akasema mteja mmoja, kana kwamba amefunga kesi.

Ami akaniambia nifute mstari wa tano. Nikaufuta. Katika miaka minne inayolingana Toronto ilibaki na milioni 146.7 dhidi ya 140.8, yaani tofauti ya milioni 5.9 kwa miaka minne. Huo mwaka wa tano, alisema, kijana hatakaa kwao bure. Atacheza mahali na atalipwa, na huenda akalipwa zaidi. Kuhusu kodi sikuwaachia nafasi ya kurefusha maneno, maana kazi yangu ni hiyo: Ontario hukata asilimia 53.53 kwa kipato cha juu kabisa, lakini California nako si peponi kwa mlipa kodi, na wachezaji hutozwa pia kufuatana na mahali wanapochezea.

Kisha ami akafanya jambo ambalo nilikuja kulikumbuka mara nyingi. Alihesabu misimu kwa vidole: 8 sasa, 9 mwakani, 10 mwaka 2021. “Mimi ningekuwa mjomba wake,” akasema, “nisingemwachia asaini minne wala mitano. Angesaini miwili, na wa tatu uwe hiari yake. Ikifika 2021 anatoka, anarudi mezani akiwa mtu wa asilimia 35.” Nikamwambia kwamba kweli anayemshauri Kawhi ni mjomba wake, Dennis Robertson. Ami alicheka hadi kikohozi kikamshika.

Kwa hesabu hiyo ya ami, turufu pekee ya Toronto ilikuwa urefu wa mkataba, na urefu ndicho kitu ambacho mwenye mpini hakuuhitaji. Nilijaribu kumpinga kwa jambo la afya. Msimu wa 2017–18 Kawhi alicheza michezo 9 tu kwa sababu ya jeraha la paja, na Toronto ilimpumzisha kwa makini hata akacheza 60 kati ya 82. Mtu wa namna hiyo, nilisema, anahitaji mkataba mrefu kuliko wengine. Ami alikubali kwamba hoja ina uzito, akasema hatari hiyo ndiyo bei ya hiari, na kwamba bei hiyo mwenye kipaji adimu anaweza kuibeba kwa sababu hata akiwa kitandani watamgombea. Juni 2021 Kawhi aliumia kano ya goti la kulia katikati ya mchujo. Miezi miwili baadaye Clippers walimpa miaka 4 kwa dola milioni 176.3, akianza na milioni 39.3, asilimia 35 kamili. Bado sikubali kwamba hilo linathibitisha hoja ya ami kwa kila mchezaji. Mchezaji wa kawaida akiumia goti bila mkataba, simu yake hunyamaza.

Alhamisi ilipita hivyo hivyo. Jambo lililomvutia ami zaidi lilikuwa ukimya. Lakers walikuwa wameacha nafasi katika bajeti yao kwa ajili ya Kawhi, na kila siku aliyonyamaza wachezaji wengine ambao wangeweza kuwanunua walikuwa wanasaini kwingine. Raptors nao walifungwa mikono. Danny Green, aliyekuja naye kutoka San Antonio na ambaye naye alikuwa mchezaji huru, alikuwa anasubiri kwanza ajue mwenzake anakwenda wapi. Mtu mmoja asiyesema neno aliwafanya matajiri wa miji miwili wakae na pochi wazi. Ami, aliyezoea mikutano ambamo kila upande ulipiga meza, alisema hajapata kuona mgomo wa mtu mmoja ukifanya kazi vizuri kiasi hicho.

Usiku wa manane, kuamkia Jumamosi tarehe 6, simu yangu ikaanza kutetemeka mfululizo. Saa chache kabla, tetemeko kubwa la ardhi lilikuwa limetikisa kusini mwa California, na kwa sekunde kadhaa nilidhani ujumbe unahusu hilo. Ulikuwa wa Kawhi: Clippers. Pamoja naye, kutoka Oklahoma City, Paul George. Nikamkuta ami sebuleni amekwisha kuamka, nikamsomea bei waliyolipa Clippers kumpata George: Danilo Gallinari, kijana Shai Gilgeous-Alexander, haki tano za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza, na ruhusa ya kubadilishana nafasi za uchaguzi huo katika miaka miwili mingine.

Ami akaniomba nirudie. Kwa nini George, aliyekuwa amesaini na Oklahoma City Julai iliyopita tu, miaka 4 kwa dola milioni 137, anauzwa sasa? Kwa sababu aliomba mwenyewe, nikamwambia. Kawhi alizungumza naye, na Clippers walielewa kwamba wasipomleta George hawampati Kawhi. Hapo ndipo swali lake la Jumatano lilipopata jibu. Kawhi aliyezuiwa na kanuni kupandisha mshahara wake aliipandisha bei kwa mlango mwingine, akawatoza Clippers mchezaji wa pili, na bili ikalipwa kwa vijana na kwa miaka ijayo ya timu. Oklahoma City, kwa upande wao, walijua wanauza kwa mtu asiyeweza kusema hapana, wakamkamua ipasavyo. Gilgeous-Alexander, mzaliwa wa Toronto huyo huyo aliyetajwa usiku ule kama nyongeza, alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2024–25 na kuipa Oklahoma City ubingwa Juni 2025. Kwa maoni yangu, mezani pale mpatanishi bora hakuwa Kawhi wala Clippers.

Asubuhi hiyo duka la kinyozi lilikuwa kama matanga, ila matanga yenye matusi. Neno lililorudiwa sana lilikuwa utovu wa shukrani. Mtu alisimulia upya lile goli la tarehe 12 Mei dhidi ya Philadelphia, mpira ulivyodunda mara nne juu ya ringi kabla ya kuzama, kana kwamba Kawhi alikuwa anadaiwa kwa kulifunga. Ami aliwasikiliza, kisha akauliza DeRozan ni nani. Kimya kikawa kifupi, maana wote walijua: mtu aliyecheza Toronto misimu 9, aliyepata uhuru mwaka 2016 akasaini miaka mitano bila kuzisikiliza timu nyingine, na akauzwa kabla haujafika nusu. “Hiyo ilikuwa biashara, mzee,” akasema kinyozi. Ami akamuuliza na hii ya leo inaitwaje, na zogo likaanza upya. Siku hiyo hiyo habari ikaja kwamba Danny Green amekubaliana na Lakers, miaka 2 kwa dola milioni 30. Kusubiri hakukumgharimu sana.

Kinyozi alikuwa na furaha moja tu. Taarifa za kwanza zilisema Kawhi amekubali miaka 4 kwa milioni 142, kwa hiyo ile hesabu ya ami kwenye karatasi ya matangazo, aliyoihifadhi nyuma ya kioo, ilionekana imekwenda mrama. Akatangaza mbele ya watu kwamba mkataba ukitoka wa chini ya miaka minne atamnyoa ami bure mpaka siku ya kuondoka. Ami akasema hiyo ni kamari na haitaki.

Jumatano tarehe 10 Kawhi alisaini. Ilikuwa miaka 3, dola milioni 103, na mwaka wa tatu ni hiari yake. Tulipokwenda dukani jioni hiyo kinyozi alikuwa amekwisha kumtengea ami kiti, akamnyoa taratibu kwa heshima zote, akakataa pesa. Ami akamwekea noti mezani, bei kamili, akamweleza kwamba ahadi ya upande mmoja ambayo mwenzio ameikataa haikufungi wewe wala haimfungi yeye, na akaomba chenji yake.