Nilivyoacha kugombeza watu kuhusu paswedi

Mi ndo mtu wa kompyuta kwenye ofisi ya watu kama 60 hivi, na kwa miaka miwili mizima kila mwezi natuma imeli za onyo, msiandike paswedi kwenye karatasi, msibonyeze linki msizozijua, na bado nikipita kwenye madawati nakuta vikaratasi vimebandikwa chini ya kibodi. Nilikuwa nakasirika kweli, nikaamini kabisa watu hawajali.

Aliyenibadilisha ni dada mmoja wa uhasibu. Akaunti yake ilijifunga, akaniita, sasa badala ya kumfungulia na kuondoka nikavuta kiti nikakaa nae mpaka saa sita. Asubuhi ile moja tu aliingiza paswedi mara 11, mifumo mitano, kila mmoja na masharti yake, huu unataka herufi kubwa na alama, ule lazima ubadilishe kila siku 90, mwingine ukikaa kidogo bila kugusa kitu unakutoa. Akanambia, "kaka, mi sio mkaidi, nina mishahara ya watu hapa." Kile kikaratasi ndo kilikuwa kinaifanya kazi yake iende. Nilirudi mezani kwangu sina la kusema.

Nikaanza na bosi, nikaomba tuondoe hiyo ya siku 90. Akakataa, anasema usalama ndo huo. Nikamwonyesha mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ambao tangu 2017 unasema usimlazimishe mtu kubadilisha paswedi kwa ratiba, abadilishe pale tu kuna dalili imevuja, maana ukimlazimisha anaongeza namba mwishoni basi, 1 inakuwa 2, 2 inakuwa 3. Bosi akakaa kimya, halafu akasema ya kwake imefika 7. Ikaondolewa wiki hiyohiyo.

Baada ya hapo tukaweka Bitwarden, programu ya kutunza paswedi, mtu anashika kichwani paswedi moja tu, ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana, zingine zote inazijaza yenyewe. Sikuita mkutano ukumbini, watu wanasinzia tu, nilipita dawati kwa dawati dakika kama 20 kila mtu, na hapa nawasihi wenzangu msione uvivu, maana mtu hawezi kuuliza swali analoona la kijinga mbele ya watu 60 ila mkiwa wawili anauliza. Halafu kuna kitu kizuri sana, hiyo programu inaangalia anwani ya ukurasa, kwahiyo ukurasa wa uongo hata ufanane vipi haijazi. Dada wa mapokezi aliniita siku moja, "mbona leo haijazi?" Naangalia, ukurasa wa wezi, umeigwa vizuri mno, hata mi ningeingia.

Ya uthibitisho kwenye simu, yaani ukishaweka paswedi simu nayo inakuuliza kama kweli ni wewe, nilienda polepole. Ile ya kubonyeza "kubali" tu siipendi, Uber waliingiliwa 2022 hivyohivyo, mtu wao alitumiwa maombi mengi mfululizo mwishowe akakubali moja. Tukachukua ile ambayo skrini inakuonyesha namba nawe unaiandika kwenye simu, ikija wakati huna unachofungua unajua kabisa sio wewe.

Na nikaacha kugombeza. Juzi kijana wa mauzo kabonyeza linki mbaya na paswedi akaweka, kanipigia hapohapo, sauti inatetemeka. Nikamwambia asante kwa kuniwahi, tukabadilisha paswedi, nikafunga kila kifaa kilichokuwa kimeingia kwenye akaunti yake, yakaisha kabla ya chai. Zamani angenificha wiki nzima, na angekuwa na sababu.

Bado kuna mfumo mmoja wa zamani wa mishahara hauunganiki na chochote, paswedi mwisho herufi 8. Waliotutengenezea nawapigia kila Jumatatu, na dada wa uhasibu kila Jumatatu ananiuliza wamesemaje.